Mwaka Nilipokosa la Kuwaambia

Nililia mbele ya mkutano wa kijiji nikiwa na miaka hamsini na mbili, chaki mkononi, ubao nyuma yangu. Sikuwa nimefiwa. Nilikuwa nimeulizwa swali kuhusu mvua.

Mimi ni afisa ugani wa kilimo. Vijijini wananiita bibi shamba, na nimelizoea jina hilo kuliko langu mwenyewe. Vijiji vyangu viko upande wa Kigongo, kule ambako magari yalikuwa yakipanga foleni kusubiri kivuko cha kwenda Busisi, ng'ambo ya ziwa, na sasa yanapita darajani bila hata kupunguza mwendo. Nyumbani kwangu ni Pasiansi, ninakoishi na mume wangu, mwalimu mstaafu. Siku za kazi nalala kwenye chumba nilichopanga kijijini, Ijumaa narudi mjini na pikipiki ya ofisi, vumbi hadi kwenye nyusi.

Kazi hii nimeifanya zaidi ya miaka ishirini. Nilizaliwa Kagera, kwenye migomba na kahawa, na mvua za kwetu wakati huo zilijulikana kama sikukuu za kanisa. Mama alikuwa akisema, "Wiki ijayo tunapanda maharage," na wiki ijayo mvua ilikuwa imeshafika inatusubiri shambani. Nilipoenda chuo cha kilimo nilidhani ninakwenda kujifunza mengine tu, mbolea na wadudu na nafasi kati ya shina na shina. Mvua niliichukulia kama kitu kilichokwisha kupangwa.

Sasa nisimulie habari ya mama mmoja, mjane, anayenizidi kama miaka kumi hivi. Shamba lake linaanzia juu kwenye mawe, linateremka mpaka karibu na maji ya ziwa, ndiyo maana watu humwita mama wa bondeni. Ni mkulima makini kuliko wengi niliowahi kuwafundisha. Kila msimu alikuwa na desturi yake: chini analima mahindi, katikati viazi, kipande cha juu anakiacha kwa ajili ya mtama. Mimi nilikuwa namwona anapoteza eneo.

Mwaka ule mvua za kwanza zilinyesha Oktoba, siku nne mfululizo, mvua tulivu ya kuingia ardhini. Utabiri niliokuwa nao ulisema msimu utawahi. Nikazunguka vijiji vyote nikiwaambia watu wapande sasa, wasisubiri. Nilipofika kwake nilimkuta amesimama mpakani mwa kipande cha juu, jembe begani.

"Bibi shamba, hapa huwa naacha. Nisubiri kidogo nione?"

"Usisubiri, mama. Mvua imewahi. Panda mahindi."

"Shamba lote?"

"Lote."

Akaniangalia, halafu akaliangalia jembe lake. "Haya," alisema. "Wewe ndiye uliyesoma."

Mahindi yakaota vizuri, yakafika magotini. Kisha mvua ikakatika. Wiki ya kwanza watu walisema inapumzika. Wiki ya pili wakaacha kusema. Ilipofika wiki ya tano majani yalikuwa yamejikunja kama yamefungwa kwa uzi, na ukipita katikati ya mistari unayasikia yakikwaruzana. Wenye uwezo wakanunua mbegu tena, wakapanda tena. Mama wa bondeni naye alipanda tena. Desemba ikaja mvua ambayo sijui niiiteje. Ilishuka kwa siku tatu kama mtu anamwaga ndoo kwa hasira, ikabeba mbegu na udongo wote wa juu, ikavipeleka ziwani. Masika yalipofika ziwa lenyewe likapanda, likaingia kwenye bustani yake ya mchicha kule chini na kukaa humo miezi.

Yule mama akauza ng'ombe wake wa kulimia. Nililijua hilo siku nilipopita na kuona zizi liko tupu, mlango wake umeegeshwa tu.

Sikusimama. Hilo ndilo ninaloona aibu kulisimulia kuliko hata lile neno "lote". Nilikuwa na ratiba ya kumtembelea kila Jumanne, na Jumanne ile nilimwona ameketi nje ya nyumba, nikapunga mkono, nikaongeza mwendo kama mtu anayechelewa. Jumanne iliyofuata nikafanya hivyo hivyo. Nilijiambia nina kazi nyingi. Ukweli ni kwamba sikuwa na la kumwambia. Nikaanza kupita hivyo kwenye nyumba nyingine pia, moja baada ya nyingine, mpaka ikawa kazi yangu ni kuendesha pikipiki kijijini na kupungia watu mikono.

Uchovu ulianza wakati huo. Ulikuwa uchovu wa ajabu, usioisha hata nikilala kwa muda wa saa kumi. Zamani mawingu yakijikusanya upande wa ziwa nilikuwa nafurahi kama mkulima yeyote. Sasa yakijikusanya nayapa mgongo. Isiponyesha, nateseka. Ikinyesha, nasikiliza bati, nahesabu dakika, nawaza ni shamba la nani linaondoka. Nilipompigia mama yangu simu Kagera, akaniambia kahawa imetoa maua wakati ambao tulikuwa tunachuma. Alisema tu, kama habari ya jirani. Mimi nilikata simu nikakaa kitandani na viatu vyangu mguuni, nikashindwa kuinuka kwenda kazini.

Ndipo ukaja mkutano wa Septemba wa kuandaa msimu mpya. Tulikutana kwenye ofisi ya kijiji. Nilikuwa nimeandika ubaoni aina za mbegu na tarehe za kupanda, mwandiko mzuri, mistari imenyooka. Mama wa bondeni hakuja. Nilipomaliza, mzee mmoja aliyekaa mbele akanyoosha mkono kwa adabu zote.

"Bibi shamba, tunashukuru. Mimi nina swali dogo. Mwaka huu tupande lini, ili tukose vizuri?"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Lilikuwa swali la kuchekesha kweli. Lakini kicheko changu kilipofika katikati kilibadilika, na sikuweza kukirudisha. Nikasimama pale na chaki yangu, mabega yanatikisika, machozi yanashuka mpaka kwenye kola. Mzee yule akavua kofia. Mwenyekiti alinyanyuka haraka akasema, "Wananchi, bibi shamba wetu hajisikii vizuri. Tutaendelea siku nyingine."

Nikapewa likizo.

Mume wangu ni mtu mwema. Alinipikia, ingawa ugali wake huwa una mabonge, na hakuniuliza chochote kwa siku mbili. Siku ya tatu, tukiwa tunakunywa chai, akasema, "Mke wangu, mvua si yako. Wewe si Mungu."

"Najua mimi si Mungu."

"Basi kwa nini unajibebesha?"

"Kwa sababu Mungu hakwenda kwenye shamba la yule mama kumwambia apande lote. Nilikwenda mimi."

Akashusha kikombe. Nilijua nimemjibu vibaya, lakini sikuwa na nguvu hata ya kuomba radhi. Asubuhi yake akanipeleka hospitali kupima presha.

Muuguzi alikuwa binti mkimya, mwenye mikono ya baridi. Akafunga kile kitambaa mkononi, akakipuliza, akaangalia namba.

"Iko juu kidogo, mama. Unawaza nini?"

"Mvua."

Aliinua macho. "Wewe ni mkulima?"

"Hapana. Mimi ndiye ninayewaambia wakulima wapande lini."

Hakucheka. Akakunja kile kitambaa taratibu, akakirudisha kwenye boksi lake. Kisha akaongea kwa sauti ya chini, kama mgonjwa amekuwa yeye. "Nyumbani kwetu Magu mambo ni hayo hayo. Mama yangu ananipigia simu kila mvua ikikatika. Analia. Siku nyingine naona jina lake kwenye simu na sipokei." Akaandika kitu kwenye cheti changu. "Nitamwambia nini, sasa? Sina la kumwambia."

Nilitoka pale nikiwa na vidonge na karatasi inayosema nipumzike. Njia nzima sikuwaza vidonge. Nilimwaza yule mama wa Magu ameshika simu inaita na haipokelewi, na nilijua vizuri kabisa anajisikiaje mtu wa upande wa pili, yule asiyepokea. Nilikuwa nimefanya hivyo hivyo kwa miezi mingi, tofauti ni kwamba mimi nilitumia pikipiki.

Jumamosi nikamwambia mume wangu nakwenda Kigongo.

"Uko likizo," alisema.

"Siendi kazini. Nakwenda kwa mtu."

Nilimkuta mama wa bondeni nyuma ya nyumba yake, kwenye lile jabali kubwa, anakata viazi vitamu vya michembe. Viazi alikuwa amepewa na dada yake wa ng'ambo ya Busisi. Alivikata vipande vyembamba na kuvitandaza juu ya jiwe lenye joto ili vikauke, chakula cha miezi ya njaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakuinua kichwa. "Umepotea njia?"

"Nimekuja kwako."

"Kwangu hakuna mahindi."

Nikaweka sukari na sabuni nilizobeba pembeni ya jiwe. Hakuziangalia. Nilibaki nimesimama, jua linanichoma shingo, nikasema nililokuja kulisema. "Nimekuja kukuomba msamaha. Nilikuambia upande lote."

"Uliniambia," alisema. Kisu chake hakikusimama. Akaendelea, "Nilikasirika. Nilikutukana sana, humu ndani, peke yangu. Kisukuma kina matusi mazuri, wewe Mhaya huwezi kuyajua."

"Una haki, mama."

"Subiri nimalize. Mahindi yalipokufa sikukuchukia. Hata marehemu mume wangu alikosa mahindi mara nyingi, na hakushauriwa na mtu. Nilikuchukia ulipoanza kupita hapo na pikipiki unanipungia mkono. Kila Jumanne, kama abiria wa basi."

"Niliona aibu."

"Wewe ukiona aibu unapita." Sasa aliniangalia. "Mimi nipite niende wapi?"

Sikupita. Nilibaki pale pale. Machozi hayakuja. Nadhani yalikuwa yameisha. Aliingia ndani, akatoka na kisu kingine na kigoda, akanisukumia. "Kata vyembamba. Vikiwa vinene vinaota ukungu."

Tukakata viazi. Vyangu vilikuwa vinene na alivirudia vyote. Jua likazunguka, tukahamia upande wenye kivuli cha nyumba. Hapo ndipo aliponiuliza, sauti yake ya kawaida imerudi, "Haya, mwaka huu itanyesha lini?"

"Sijui."

"Hujui kabisa?"

"Utabiri ninao. Lakini mwaka jana pia nilikuwa nao. Naweza kukusomea utabiri unavyosema. Itakavyokuwa hapa kwako, siku gani, na kama itaendelea, sijui, mama."

Akacheka, kicheko kifupi cha puani. "Miaka yote hii unakuja hapa. Leo ndiyo nakusikia unasema hujui." Akachukua kiazi kingine. "Afadhali. Nilidhani ni mimi tu."

Kabla sijaondoka akanipeleka bondeni. Bustani ya mchicha haikuwepo. Maji yalikuwa yamerudi nyuma na kuacha tope jeusi lenye kunuka. Katikati ya tope lile, eneo la ukubwa wa chumba, kulikuwa na marando ya viazi, yale mashina yanayokatwa kwa kupanda, mabichi, yametambaa kila upande. Kiangazi kile mashamba yote ya vijiji vyangu yalikuwa yamekauka, na watu walikuwa hawana marando ya kupanda hata mvua ikija. Nilijua hilo kwa sababu niliandika ripoti.

"Ziwa lilichukua mchicha wangu, likaniachia tope," alisema. "Nikaona nisililie tu, nichomeke kitu. Pakianza kukauka namwagia maji ya kuoshea vyombo."

"Kwa nini hukumwambia mtu?"

"Nimwambie nani? Wewe ulikuwa unapita."

Siwezi kusema nilifurahi. Nilikuwa nimechoka mno kufurahi. Nilijisikia kama mtu aliyekaa muda mrefu kwenye benchi gumu akapata kubadilisha mkao: benchi ni lile lile, ila damu imepita mguuni. Nikamuuliza kama marando yale yangeweza kugawanywa. Akasema yeye ameyatunza ili yagawanywe, ayale yeye ni mbuzi?

Likizo ilipoisha niliitisha mkutano ule ulioahirishwa. Safari hii sikuandika ubaoni. Niliwaambia wazi kwamba sijui mvua itaanza lini wala itakatika lini, kwamba nilikosea mwaka jana kuwaambia watu wapande kila kitu kwa pamoja, na kwamba nimekuja kuuliza nini kilibaki hai kwao na kwa nini. Mwanaume mmoja akanong'ona kwa sauti ya kusikika, "Kumbe bibi shamba analipwa aje atuulize sisi?" Nikamjibu kwamba ndiyo, leo ni hivyo.

Nikatamani kukimbia. Kisha mama wa bondeni, ambaye alikuwa amekaa nyuma na wanawake wenzake, akaeleza habari ya tope lake. Mwingine akasema mihogo yake ya kwenye mawe haikufa. Mwingine akasema alichelewa kupanda kwa sababu ya msiba, na mahindi yake ndiyo pekee yaliyopona, na alikuwa anaona haya kusema hivyo mbele ya waliokosa. Ilifika saa nane watu bado wanaongea. Tulichokubaliana hakikuwa cha kitaalamu sana: kila nyumba igawe shamba lake mafungu matatu na kuyapanda nyakati tofauti, kipande cha juu kiwe cha mtama, na atakayepona amkumbuke ambaye hakupona. Siku zilizofuata nilibeba marando kwenye pikipiki, mafungu kwa mafungu yamefungwa kwa kamba ya katani, nikisimama kwenye kila nyumba niliyokuwa nimepita bila kusimama. Kwenye nyumba mbili nilitukanwa. Nilikaa nikasikiliza mpaka mwisho.

Ningependa kusema msimu ule ulikuwa mzuri. Fungu la kwanza lilikufa, kama mwaka uliotangulia. La pili lilitoa nusu. La tatu, kwa wale wa bondeni, lilisombwa na maji. Nyumba chache zilikosa yote matatu, na zilikula michembe na viazi vya majirani mpaka Mei. Viazi ndivyo vilivyotutoa. Nami sijapona, kama kupona kupo. Bado nayapa mgongo mawingu yakikusanyika. Bado kuna asubuhi ninakaa kitandani na viatu mguuni dakika kumi kabla ya kusimama. Nimebakiza miaka michache nistaafu, na sidhani kama nitaacha vijiji hivi vikiwa na mvua inayojulikana kama ile ya utoto wangu. Nimeacha kuwaambia watu kwamba mambo yatakuwa mazuri. Ninachoweza ni kusimamisha pikipiki, kushuka, kusalimia, na kuuliza leo tunafanya nini.

Mtama wa msimu ule ulistawi. Ulisimama kule juu kwenye vipande vya mawe, vichwa vimejaa, tukaanza kuuangalia kwa wizi kama watu wanaoogopa kumsifia mtoto. Halafu wakaja ndege, wale wadogo wanaotua kwa maelfu. Nilipopata simu ya mama wa bondeni nilikuwa Pasiansi, Jumamosi alfajiri, nimekaa na mume wangu.

"Bibi shamba, kuna dawa ya ndege?"

"Ipo, lakini inapulizwa na ndege ya serikali. Nitaandika barua. Haitafika wiki hii."

"Sasa?"

"Sasa ni makopo, mama. Makopo na kelele."

Mume wangu aliyasikia yote. Akainuka, akafungua kabati, akatafuta mpaka akaipata filimbi yake ya michezo ya shuleni, akaivaa shingoni. Tukaenda wote.

Jumamosi ile nzima tulikuwa kijiji kizima shambani. Mimi nilipewa debe na fimbo na kipande changu cha kulinda. Kundi likitua, napiga debe na kupiga mayowe, likiruka, linakwenda kwa jirani, naye anapiga lake, linarudi. Mume wangu alipita mpakani akipuliza filimbi na kuwafokea ndege kama wanafunzi waliochelewa mstarini. Mwanzoni nilipiga mayowe kwa adabu, kama mtumishi wa umma. Kufikia saa sita nilikuwa napiga mayowe ya kweli, yanayotoka tumboni, mengine hayakuwa na maneno, na sidhani yote yalikuwa ya ndege. Hakuna aliyeniangalia. Kila mtu alikuwa na mayowe yake.

Jioni ndege walipokwenda kulala, karibu robo ya mtama ilikuwa imeliwa. Robo tatu ilikuwa bado imesimama. Tukaketi chini, mikono inauma, mama wa bondeni akatuletea chai na bakuli la viazi.

"Kesho alfajiri watarudi," alisema.

Nilitaka kumjibu, lakini sauti ilikuwa imekauka kabisa. Mume wangu akanijibia. "Kesho tuna ibada, mama. Tukitoka tu, tunakuja."